Alijitolea au Alichukuliwa? Familia na Uandikishaji wa Jeshi katika Fasihi Yetu

Utangulizi

Makala haya yanazungumzia jambo ambalo wahakiki wetu wengi wamelipitia juu juu, nalo ni hali ya familia za watu waliotwaliwa kwenda vitani. Fasihi ya vita katika Afrika Mashariki si haba. Tunao Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, tunao Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim Jamaliddini, na tunao Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, unaohusu Vita vya Pili vya Dunia. Tunazo pia riwaya za Kiingereza zilizoandikwa na watu wa pwani na wa bara. Hata hivyo, mwanafunzi anapotakiwa kueleza athari za vita kwa jamii, mara nyingi huanza na methali ile ile: wapiganapo tembo nyasi huumia. Kisha huorodhesha vifo, njaa, ukimbizi na ujane, akaweka kalamu chini.

Methali hiyo ina ukweli wake, lakini haitoshi. Nyasi hazina mikono. Hazifungi mlango, hazimfichi mtoto uvunguni, haziandiki barua kuuliza kaka amefika wapi. Familia zilifanya mambo hayo yote. Tukiziita nyasi, tunakuwa tumeamua kabla ya kusoma kwamba hazikutenda lolote.

Kwa hiyo napendekeza tuanze na swali la sarufi, kwa kuwa sarufi ndiyo kazi yetu ya kila siku. Kijana alipoondoka nyumbani kwenda vitani, je, alijitolea, aliandikishwa, au alichukuliwa? Jibu hutegemea aliyeulizwa. Na naamini kwamba ubora wa kazi ya fasihi juu ya vita unaweza kupimwa kwa namna inavyoshughulika na vitenzi hivyo vitatu.

Vitenzi vitatu

Kitenzi jitolea kina kiambishi -ji- ambacho humrudishia mtenda kitendo chake. Aliyetoa na aliyetolewa ni mtu mmoja, kwa hiyo hapana wa kulaumiwa. Kitenzi andikishwa kina kauli mbili kwa pamoja, ya kutendesha na ya kutendwa: yupo aliyesababisha, ila hatajwi. Nyuma ya kitenzi hiki tunahisi meza, daftari na karani. Kitenzi chukuliwa hakina hata daftari. Kinamweka binadamu mahali pa gunia au ng'ombe, na papo hapo kinaita swali: alichukuliwa na nani?

Vitenzi hivi havitoki vinywani mwa watu wale wale. Cha kwanza hupendwa na serikali na wachonga sanamu. Cha pili ni cha ofisi. Cha tatu ni cha mama, mke na ndugu waliobaki mlangoni. Mwandishi anapochagua kimoja kati ya hivyo, amekwisha kuchagua mahali pa kusimama.

Historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika eneo letu, tangu Agosti 1914 hadi Novemba 1918, inaonyesha kwa nini uchaguzi huo ni mzito. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa watu wa mshahara. Lakini jeshi halikuwa na barabara wala malori ya kutosha, na ndorobo waliwaua wanyama wa mizigo, hivyo chakula na risasi vilibebwa na binadamu. Wapagazi waliotumiwa na Waingereza peke yao wanakadiriwa kufikia milioni moja. Hesabu inayotajwa mara nyingi ya waliokufa ni karibu 95,000, na wengi wao waliuawa na maradhi na lishe duni kuliko risasi. Mwanzoni baadhi yao walikwenda kwa ahadi ya ujira. Kufikia mwaka 1917 watawala wa Kenya waliendesha msako mkubwa wa kukusanya wanaume kwa nguvu. Jeshi la Wabelgiji, lililoingia Tabora Septemba 1916, nalo lilisimama juu ya mabega ya wapagazi wa Kongo na wa nchi walizopita.

Kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na Kiswahili kikalitafuna jina hilo likawa Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi. Kwa mwalimu wa utohozi huu ni mfano mzuri sana. Lakini usiishie katika fonolojia. Waambie wanafunzi kwamba jina la kikosi limebaki mtaani na sokoni, ilhali majina ya watu wenyewe hayakubaki.

Sanamu inayoahidi

Katikati ya Dar es Salaam ipo sanamu ya askari iliyozinduliwa mwaka 1927, na Nairobi ina sanamu zake za wakati huo huo, ambako mpagazi naye amechongwa. Chini yake yapo maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawaambia waliopigana kwamba hata wakifa, watoto wao watayakumbuka majina yao.

Tuyasome maandishi hayo kama tunavyosoma matini nyingine yoyote. Yanawatumia watoto wa marehemu kama mashahidi, lakini hayawapi hata jina moja la kukumbuka, kwa maana hakuna jina la mpagazi lililochongwa pale. Kazi ya kukumbuka imekabidhiwa familia, na kumbukumbu zenyewe zimebaki na dola au zimepotea. Mishahara ya marehemu wengi haikuwafikia jamaa zao. Mwezi Aprili 2021, tume ya Uingereza inayoshughulikia makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi huenda ikafika 350,000. Huo ndio umbali kati ya maandishi na mlango wa nyumba.

Abdulrazak Gurnah na wale waliobaki

Mwandishi aliyeingia kwa kina zaidi katika umbali huo ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994, na mwaka 2022 tukapata tafsiri ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Walimu wasiwe tena na kisingizio cha lugha.

Yusuf, mhusika mkuu wa Peponi, ametolewa na wazazi wake kwa tajiri ili kulipia deni la baba. Riwaya nzima ni hadithi ya mtu aliyechukuliwa. Mwishoni, wakati Wajerumani na askari wao wanapita wakikusanya watu, Yusuf anajificha kwanza. Halafu, msafara ukiwa unaondoka, anaukimbilia mwenyewe. Baadhi ya wasomaji hukasirishwa na mwisho huo. Wanauliza, kwa nini awakimbilie wale wale anaowaogopa?

Nadhani jibu limo katika vitenzi vyetu. Ukitazama ukurasa wa mwisho peke yake, Yusuf alijitolea. Ukitazama kitabu kizima, kijana ambaye hakuwahi kuwa na mlango wake mwenyewe anabadilisha tu mikono inayomshika. Gurnah anatuonyesha kwamba -ji- ya jitolea inaweza kuficha miaka mingi ya kutendwa. Na familia ya Yusuf, iliyomtoa kwa deni, haipo hata kumwambia asiende. Vita vilimkuta akiwa amekwisha kukatwa katika shina.

Katika Afterlives, riwaya ya mwaka 2020, Gurnah anageuza kiti na kumkalisha msomaji nyumbani. Ilyas, ambaye utotoni alichukuliwa na askari kisha akasomeshwa na Wajerumani, anampata tena dada yake Afiya, anamfundisha kusoma na kuandika, halafu anajitolea kwenda kuwapigania Wajerumani. Hakuna aliyemlazimisha. Afiya anarudishwa kwa watu waliomlea kwa mateso, na huko anapigwa hadi mkono kuumizwa, kosa lake likiwa kwamba anajua kuandika. Anaokolewa na barua fupi aliyoiandika mwenyewe.

Hapa ndipo Gurnah anapotupatia jambo ambalo tenzi zetu za vita, kwa ufundi wao wote wa vina na mizani, hazikulipa nafasi kubwa. Tenzi hufuata majeshi, majemadari na mji uliotekwa. Gurnah anafuata mkono wa msichana. Kujitolea kwa kaka kumekuwa kuchukuliwa kwa dada. Neno moja la fahari likitamkwa kwenye ofisi ya jeshi linasomeka kwa kitenzi kingine nyumbani. Na baada ya vita Afiya anaendelea kusubiri, mpaka kusubiri kwenyewe kunaingia katika mwili wa mwanawe, aliyepewa jina la mjomba asiyerudi. Mtoto huyo ndiye anayekuja kugundua, miaka mingi baadaye, kwamba mjomba alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, Ujerumani.

Hilo si jambo la kubuni tu. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari na mwenyewe askari akiwa bado mtoto, alikwenda Ujerumani mwaka 1929 na kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Dai lilikataliwa. Alifanya kazi ya kuhudumu hotelini, akaigiza katika filamu, na akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Alikamatwa mwaka 1941 na kufa Sachsenhausen mwaka 1944. Sisi walimu wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kumkumbuka: alikuwa mwenzetu wa kazi, na alichovukia bahari kilikuwa deni la familia.

Pamoja na sifa hizo, nina hoja mbili dhidi ya Gurnah. Kwanza, wahusika wake wakuu wa vitani ni askari. Wapagazi, waliokuwa wengi kuliko askari mara nyingi, wanaanguka njiani pembeni mwa ukurasa, na hatuingii katika nyumba zao. Pili, watu wanaoukataa uandikishaji huonekana kwa mbali, kutoka upande wa msafara: wanakimbia, wananyang'anywa chakula, wanatoweka. Msomaji anaweza kuondoka akidhani kwamba familia za Afrika Mashariki zilijua kusubiri tu, hazikujua kukataa.

Ngugi na lawama ya ndani

Riwaya ya Ngugi wa Thiong'o Weep Not, Child, ya mwaka 1964, inatuletea sura nyingine. Katika nyumba ya Ngotho vita viwili vimepita. Baba mwenyewe alifanyishwa kazi katika vita vya kwanza. Wanawe Boro na Mwangi walikwenda katika vita vya pili. Mwangi hakurudi, na Boro alirudi bila maneno.

Ngugi ameona jambo la kweli: aliyerudi humhukumu aliyembaki. Boro hamuulizi Mwingereza kwanza. Anamuuliza baba yake kwa nini ardhi ilipotea naye akiwa amekaa tu. Kwa hiyo vita vya ng'ambo vinaendelea kupiganwa penye mafiga ya nyumba ile, mpaka Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 inapokuja kuikamilisha kazi. Baba anakufa kwa mateso, na wana wanaishia mikononi mwa dola.

Lakini tazama jambo moja. Nyokabi, mama aliyempoteza Mwangi, ndiye anayetaka Njoroge aende shule. Wahakiki wengi wamelisoma hilo kama dhamira ya elimu. Mimi naona ni upinzani pia. Mama aliyenyang'anywa mwana mmoja anatafuta mahali ambapo mkono wa vita hautamfikia wa pili. Na katika kurasa za mwisho, Njoroge akiwa amekata tamaa kabisa, sauti inayomrudisha nyumbani ni ya mama huyo. Methali yetu inasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ngugi anaongeza kwamba ajuaye uchungu hutenda.

Waliosema hapana

Upinzani huo, ambao riwaya zimeugusa kidogo, umejaa katika fasihi simulizi. Kwa watu wa Kenya, jina la Mekatilili wa Menza halihitaji utangulizi, ila kwa wanafunzi wa hapa Uganda linahitaji. Mwaka 1913 Waingereza walipotaka vijana wa Giriama kwa ajili ya kazi, mama huyo mjane alizunguka akiwahimiza watu wakatae kwa kiapo. Alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali, Kisii, na mwaka 1914 wakatoroka. Vita vikuu vilipoanza na serikali ikataka wapagazi, mgogoro ukawa wa silaha, na Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ikalipuliwa. Masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000 na vijana 1,000 wa kazi. Maana yake, adhabu ya kukataa kuchukuliwa ilikuwa kuchukuliwa.

Simulizi maarufu inasema Mekatilili alimleta kuku na vifaranga mbele ya ofisa, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku akamdonoa. Tuiache historia iamue kama tukio lilikuwa hivyo hasa. Kama matini, simulizi hii inaijibu methali ya nyasi moja kwa moja. Mama hapa ni kuku mwenye mdomo. Na tazama kitenzi: chukua. Simulizi hizo hizo hukumbuka kwamba nduguye Mekatilili alichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa. Kwake, karani wa kazi na mfanyabiashara ya watumwa walikuwa wanatenda kitenzi kimoja.

Sisi wa Uganda

Mtu anaweza kuuliza, ya mwaka 1914 yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni lugha yenyewe. Kiswahili kiliingia nyumba nyingi za Uganda kikiwa kimevaa buti, kuanzia King's African Rifles hadi majeshi yaliyofuata. Serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini yapo masikio ya wazee ambayo Kiswahili kwayo bado ni amri iliyotolewa mlangoni usiku. Mwalimu asiyejua hilo hulaumu uvivu wa wanafunzi, kumbe anapambana na kumbukumbu ya familia.

Ya pili ni ya karibu zaidi. Usiku wa Oktoba 1996 waasi wa Lord's Resistance Army waliwachukua wasichana 139 katika shule ya Mtakatifu Maria, Aboke. Mtawa wa shule aliwafuata porini akarudi na 109; 30 wakabaki. Wazazi hawakukaa kulia tu. Waliunda chama, wakadai watoto wote waachiliwe na vita vimalizwe kwa mazungumzo. Angelina Atyam, mmoja wa viongozi wao, aliambiwa kwamba binti yake angeachiliwa kama yeye angenyamaza. Alikataa, kwa kuwa watoto wa wenzake wangebaki. Mwaka 1998 alipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu. Kati ya kuku wa Mekatilili na uamuzi wa mama huyu kuna fasihi nzima ambayo bado hatujaifundisha.

Na ugumu wa vitenzi vyetu haujaisha. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Dominic Ongwen, pamoja na makosa mengine, kwa kuwaingiza watoto jeshini. Yeye mwenyewe alichukuliwa akiwa mtoto. Mahakama ililazimika kushika vitenzi viwili, alichukuliwa na alichukua, bila kuacha kimoja kifute kingine. Riwaya ya Kiswahili itakayoweza kufanya hivyo kwa ukamilifu, ikiwa na mama yake aliyechukuliwa na mama wa aliowachukua katika kitabu kimoja, itakuwa imetufikisha mbali.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba athari za vita kwa familia si orodha ya misiba ya kukariri. Ni suala la nani anapewa nafasi ya mtenda katika sentensi. Tenzi ziliwapa majemadari. Sanamu ilitoa ahadi bila majina. Gurnah amewapa waliobaki nyumbani macho na mkono wa kuandikia, ila kukataa kwao hakukupewa sauti. Ngugi ameona lawama inavyoila nyumba, na katika Nyokabi akaacha mlango wazi. Fasihi simulizi ndiyo iliyomweka mama mbele ya ofisa na kumpa kitenzi chake.

Kwa walimu, napendekeza zoezi dogo. Chukueni aya moja ya Peponi inayohusu mtu kuondoka nyumbani. Wanafunzi waiandike upya mara tatu, kwa jitolea, kwa andikishwa na kwa chukuliwa, na kila mara wataje nani angeisimulia hivyo. Halafu wapewe kazi ya nyumbani: wawaulize wazee wao, kwa lugha yoyote ile ya nyumbani, ni nani katika ukoo aliondoka na jeshi, na kitenzi gani hutumika akitajwa. Majibu yaletwe darasani yatafsiriwe kwa Kiswahili. Asiwepo mwalimu wa kusahihisha kitenzi cha mzee.